Joto Chini ya Nyumba za Kaka Yangu

Nilivua kiatu nihakikishe.

Nikakanyaga kwa unyayo mtupu, kona ya chumba cha pili, kwenye nyumba ambayo haijawahi kuhamiwa na mtu. Sakafu ilikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza. Joto kama la paji la mtoto mwenye homa.

Nje mvua ilikuwa ya siku ya sita mfululizo. Jua hatukuwa tumeliona tangu Jumapili. Umeme ulikuwa bado haujaunganishwa kwenye nyumba ile.

Sasa niambie wewe, joto linatoka wapi?

Mimi ni mkaguzi wa nyumba. Mtu akitaka kununua nyumba ananiita kwanza. Nagonga kuta, napanda darini, nachungulia chini ya masinki, halafu namwandikia ripoti. Ni kazi ya kusema yale ambayo muuzaji anaomba Mungu yasisemwe. Nimeifanya miaka kumi na miwili, nimetukanwa vya kutosha, ngozi imekuwa sugu.

Mji wetu ulijengwa na kiwanda cha mbao. Barabara kiwanda, zahanati kiwanda, shule kiwanda, kota za wafanyakazi kiwanda. Kisha kikafungwa, wenyewe wakaenda zao, tukabaki na bomba refu lisilotoa moshi.

Miaka ikapita, eneo likauzwa vipande vipande. Upande wa nyuma, ilikokuwa yadi ya magogo, zikajengwa nyumba mpya kumi na nne. Mstari mmoja, rangi ya krimu, mabati ya bluu. Ukizitazama kwa mbali unatamani.

Aliyezijenga ni kaka yangu.

Mjini wanamwita Injinia. Chuo hajakiona hata kwa nje. Alianza kubeba zege akiwa na miaka kumi na sita, wiki mbili baada ya kumzika baba, ili mimi nibaki shuleni. Sare zangu, madaftari yangu, hata nauli ya kwenda kusomea kazi hii hii ninayoringa nayo, vyote vilitoka mgongoni kwake.

Kwa hiyo mkifika sehemu nitakapoeleza nilichofanya, msinihukumu haraka. Au nihukumuni. Mimi nimeshajihukumu.

Aliyeniita siku ile alikuwa muuguzi wa zahanati, mjane, mama wa watoto wawili.

"Nina machaguo mawili, dada," aliniambia. "Kota kuukuu, au moja ya zile mpya. Nikagulie zote mbili uniambie wanangu walale wapi bila mimi kulala jicho moja wazi."

Nikamweleza mapema kwamba muuzaji wa ile mpya ni kaka yangu wa tumbo moja.

"Vizuri," akasema. "Basi utakuwa mkali mara mbili."

Sikujua kama anatania.

Tulianza na kota saa mbili asubuhi. Ilikuwa mgonjwa wa kila kitu. Paa la asbesto lenye nyufa. Nyaya za umeme za zamani, zile zilizovikwa kitambaa, panya wameshazitafuna. Bomba la choo limeoza. Darini popo wamefanya ukoo.

Lakini ukuta nilipougonga, nyundo ilinirudia mkononi.

"Hawa walijenga kama jela," muuguzi akasema.

"Jela haivuji hivi," nikamjibu. Akacheka kidogo.

Saa nne tukahamia kule kwenye mpya, namba nane. Mlinzi wa mstari ule, mtu mzima mwenye koti la mvua lililomzidi, alitufungulia mlango akabaki nje barazani. Nilimkaribisha ndani, akatikisa kichwa.

Ndani kulimeremeta. Tailizi, dari ya jipsamu, masinki mapya bado na karatasi zake. Muuguzi alishika bomba la jikoni kama mtu anayeshika mkono wa mgeni.

Mimi nikachukua bisibisi, nikachokonoa ukuta chini ya dirisha la chumba cha pili, pale ambapo plasta ilikuwa haijapigwa vizuri. Udongo wa kiungio kati ya matofali ukamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka.

"Saruji iko wapi?" muuguzi akauliza.

"Hapa pana mchanga na dua."

Nikaandika kwenye simu. Kaka au si kaka, nikaandika. Ukuta unarekebishika.

Ndipo nikasogea kona nikasikia ule uvuguvugu unapanda kupitia soli ya kiatu.

Nilitoa kipimajoto. Sebuleni ishirini na mbili. Kona ya chumba cha pili, thelathini na tisa. Nikapima tena. Thelathini na tisa. Nikapiga magoti, nikaweka pua karibu na ufa mdogo ukutani kwa chini. Harufu hafifu, kama jiko la kuni lililozimwa kwa maji.

"Kuna bomba la maji moto hapa chini?" muuguzi akauliza.

"Upande huu hakuna bomba lolote."

Nikaandika: *Chumba cha pili, sakafu ina joto lisiloelezeka. Mtu asihamie kabla haijachimbwa.* Kisha nikatoka barazani nikampigia kaka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ni zege," akasema. "Zege jipya hutoa joto."

"Zege la miezi tisa, kaka?"



"Mdogo wangu. Zimebaki nyumba tatu tu. Hiyo ripoti ikitoka, hazinunuliwi, na walionunua watanijia juu. Mimi nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi."

"Basi leo naomba. Nipe wiki moja. Nichimbe mwenyewe, nione, nirekebishe kimyakimya. Nakuja hapo sasa hivi tuongee. Lakini huo mstari ufute."

Nilisimama pale nikiangalia maji ya mvua yakipita kwenye mfereji. Nilimwona akiwa na miaka kumi na sita, mabega yamechubuka, ananionyesha sare mpya kwenye mfuko wa karatasi.

Nikaufuta.

Nilirudi ndani nikamwambia muuguzi, "Ripoti nitakutumia wiki ijayo."

"Na ile sakafu?"

"Bado naiangalia."

Alinitazama kama wauguzi wanavyomtazama mtu anayesema dawa amemeza zote.

Tulipokuwa tunamuaga mlinzi, akauliza, "Dada, mmetoka salama? Vichwa haviwaumi?"

"Kwa nini viume?"

"Mimi humo silali tena. Mwezi uliopita mvua ilinizidi nikajibanza humo siku mbili usiku. Niliamka miguu haina nguvu, kichwa kinagonga. Nikasema malaria hiyo. Zahanati wakapima, hakuna kitu."

Muuguzi akamgeukia. "Ni wewe. Nakukumbuka." Macho yake yakaenda huku na huku kama ya mtu anayepekua mafaili. "Juzi alikuja mama mwingine wa mstari huu huu, yeye na mwanawe. Kichwa, kichefuchefu. Wakakaa kwetu nusu saa wakapata nafuu wenyewe. Tukasema ni maji machafu."

Kisha akaniuliza swali ambalo hata leo nalisikia.

"Dada, kwenye hizi nyumba, ni nani anayeshinda ndani kutwa nzima bila kutoka?"



Mama yangu. Namba tano.

Kaka alimpa nyumba kabla ya kuuza hata moja. Alitaka kumpa namba moja, ile ya karibu na barabara. Mama akakataa katakata, akasema anataka tano. Tukacheka, wazee na mambo yao. Alipohamia akawa anaisifu. "Nyumba hii inanikanda yenyewe," alikuwa akisema. "Magoti yangu yamepoa." Hadi akaacha kitanda, akashusha godoro sakafuni.

Na mimi, mkaguzi, mwenye kipimajoto kwenye mkoba, nilisikia maneno yale nikayaona ya kizee tu.

Siku za karibuni alikuwa analala sana. Uzee, tulisema.

Nikampigia. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena huku nakimbia. Muuguzi nyuma yangu, mlinzi nyuma yake na mtaimbo wake.

Namba tano ilikuwa imefungwa. Madirisha yote yamebanwa kwa sababu ya mvua. Niligonga mlango kwa ngumi, ule mlango wa chuma wenye makomeo matatu kwa ndani ambao kaka alikuwa akijisifia kuwa mwizi ataufia.

"Mama!"



Nilizunguka hadi dirisha la chumbani. Pazia lilikuwa limeacha nafasi ya kiganja. Nikamwona kwenye godoro, kalala ubavu, simu inamulika karibu na mkono wake. Ilikuwa ni mimi nampigia. Kidole hata hakikutikisika.

"Vunja kioo," muuguzi akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Hewa iingie kwanza. Vunja vyote."

Mlinzi akavunja. Hewa iliyotoka ilikuwa na uvuguvugu. Lakini kulikuwa na grili, nondo nene, zimezamishwa ukutani. Mlinzi akatia mtaimbo akajaribu kuzipinda. Wapi.

Breki zikalia nyuma yetu. Kaka alishuka kwenye pikapu akiwa bado na maneno aliyokuja nayo mdomoni. Akatuona, akaona vioo chini, akachungulia dirishani. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka pale pale.

Alichukua nyundo kubwa kwenye gari akaenda mlangoni. Akaupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mlango ulibonyea kidogo tu. Alikuwa ameupachika vizuri mno ule mlango.

Muuguzi alikuwa amebana kifua kwenye grili, anamwangalia mama. "Anapumua," akasema. "Kidogo. Sitaki kuwadanganya, hatuna muda."

Hapo akili yangu ya kazi ikarudi.

"Kaka, acha mlango. Njoo huku. Piga ukuta, chini ya dirisha, upande wa kulia."

"Tofali hilo," akasema, anahema.

"Hakuna saruji hapo. Piga."

Alinitazama. Alijua ninachosema, na alijua kwamba ninajua. Mbele ya mlinzi, mbele ya mteja wangu. Sikuwa na muda wa kumstahi.

Akapiga.

Pigo la pili tofali likatumbukia ndani. La nne tundu likawa la kupitisha kichwa. Mlinzi akachokoa kwa mtaimbo, kaka akang'oa kwa mikono, kucha zinatoka damu. Dakika tatu, labda nne. Ukuta wa kota ungetuchukua nusu siku.

Nilibana pumzi nikaingia mimi, nikamshika mama makwapani. Alikuwa mzito kama kiroba kilicholowa. Tukamtoa kupitia tundu lile, mvua ikampiga usoni. Muuguzi akamlaza ubavu, akafungua kinywa chake, akaanza kazi yake. Mama akatoa sauti moja ya kukoroma. Kisha nyingine.

"Gari," muuguzi akasema.

Wakampakia nyuma ya pikapu, muuguzi kando yake na turubai juu yao. Kaka akakamata usukani. "Panda," akaniambia.

Nilitaka kupanda. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya tairi. Kisha nikatazama ule mstari wa krimu, madirisha yamefungwa, familia kumi ndani.

"Nendeni," nikasema.

Mimi na mlinzi tulianza kugonga mlango kwa mlango. Watu hawakutaka kutoka. Mvua ile, nani atoke?

"Dada, mimi nina uji jikoni," mmoja akaniambia. "Hayo ya hewa sijui joto, tutaongea kesho."

"Mimi ni dada yake Injinia," nikamwambia. "Mama yetu ametolewa sasa hivi kupitia ukutani. Njoo uone tundu."

Alikuja akaona tundu. Hakurudi hata kuzima jiko, nililizima mimi. Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Kwenye namba sita tulimkuta mama na watoto wake wawili wamelala saa tano mchana, tukawaamsha kwa kuwatikisa. Watu wa kota ng'ambo ya barabara wakafungua milango yao mibovu, wakawapokea wote.

Zimamoto walifika alasiri. Walichimba nyuma ya namba tano. Walipofika kina cha mtu mzima, udongo ukabadilika rangi. Chini yake kulikuwa na maranda, unga wa mbao, magome, marundo kwa marundo, meusi, yanafuka. Hewa ilipoyapata yakawa mekundu kama mkaa unaopepewa.

"Huu moto haukuanza jana," mkuu wao akasema. "Una miezi. Unatambaa polepole chini kwa chini. Hewa yake haina rangi, na inayoua haina hata harufu. Ukiivuta unasinzia, basi."

Mama aliamka siku ya pili. Siku ya nne ndipo maneno yalipomrudia vizuri. Tulikuwa wodini wawili, mimi kichwani, kaka miguuni. Kaka alikuwa hajala tangu siku ile.

Swali la kwanza la mama halikuwa yuko wapi.

"Wametoka wote?"

"Akina nani, mama?"

"Wa zile nyumba. Namba nne, namba sita."

"Wametoka."

Akafumba macho. Chozi likateremka sikioni.

"Baba yenu ndiye aliyelijaza lile shimo," akasema.

Kaka aliinua kichwa.

Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda, hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa anamwaga mabaki ya mbao kwenye korongo nyuma ya yadi. Kiwanda kilipokaribia kufungwa, wakuu wakaagiza lifukiwe udongo lisionekane. Madereva wakaambiwa wafunge midomo. Waliofunga ndio waliobaki kazini hadi siku ya mwisho. Baba alifunga. Ila alimwambia mkewe, na Jumapili moja akampeleka akamwonyesha, akahesabu hatua kutoka kwenye tangi la maji. Hapa ndipo penye kina kirefu kuliko pote, alimwambia.

"Ulipokuja na hati ya kile kiwanja," mama akamwambia kaka, "ulinibeba juu juu kama mtoto. Ulikuwa unacheka. Tangu baba yako afe sikuwa nimekuona unacheka vile. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho ukamwaga msingi. Kila siku nikasema kesho."

"Mama."

"Sikujua kama patawaka. Nilidhani patadidimia tu. Ndiyo maana nikataka namba tano. Nilihesabu zile hatua. Nikasema, kama ni kudidimia, adidimie bibi kizee, si mtoto wa mtu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa adabu.

Kaka alisimama akaenda dirishani. Mikono yake yenye bandeji ikashika kizingiti. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Ungeniambia ningekasirika siku moja, mama. Siku moja tu. Ningelala, ningeamka."

Usiku ule ule niliandika ripoti upya. Niliweka kila kitu. Joto, ukuta usio na saruji, shimo. Na niliandika kwamba mimi, mkaguzi, nilifuta jambo la hatari kwa ombi la ndugu yangu na kumficha mteja. Nikampa muuguzi, nikapeleka na ofisi ya mji. Nilisimamishwa kazi miezi sita. Sikukata rufaa.

Kaka aliitisha mkutano wa wote walionunua. Niliogopa atajificha nyuma ya baba, kwamba shimo hakulijua. Kulijua hakulijua kweli. Lakini alisimama akaanza na kuta. "Kuta nilipunja saruji mwenyewe," akasema. "Hilo halina mtu mwingine." Walimzomea karibu saa nzima, hakuketi. Nyumba zote kumi na nne zimebomolewa. Hana tena ruhusa ya kujenga kwa jina lake, siku hizi ni mwashi chini ya mafundi aliowafundisha. Nikipita nikaona ukuta wake, naugonga. Ni mgumu.

Mama anakaa kwangu. Kumbukumbu ina matobo, jina langu hulisahau, hunipa la dada yake. Muuguzi alinunua kota. Tulivua asbesto, tukabadili nyaya, popo tukawahamisha kwa heshima.

Watu huniuliza ni nani mkosaji katika habari hii. Mimi nikihesabu nawaona watu wanne wa familia moja. Baba alinyamaza ili watoto wale. Mama alinyamaza ili mwanawe asiache kucheka. Kaka alitaka kunyamaza alinde jina. Mimi nikanyamaza kulipa fadhila. Hakuna aliyenyamaza kwa chuki, yote ni mapenzi, na mapenzi hayo nusura yazike familia kumi na moja.

Wewe unayesoma, kama kuna neno unalimeza kwa sababu unampenda mtu, litoe leo. Atakufokea. Atanuna. Pengine mwezi mzima asikusalimie.

Mwache anune. Sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa kununa.